Chuma Hakipokezwi Mkononi

Mushagalusa alinoa visu mtaani Namuwongo, kando ya reli, kwa jiwe la duara alilolifunga kwenye baiskeli kuukuu. Akikanyaga pedali jiwe lilizunguka, cheche zikamrukia magotini. Kulikuwa na kisu cha bucha chenye tumbo pana, kisu chembamba cha kumenyea matoke, mundu wa kukatia nyasi za ng'ombe, na panga lililoliwa na mawe hadi likabaki jembamba kama ulimi.

Kwao Kaziba, ng'ambo ya mpaka, baba yake alikuwa mhunzi, na mhunzi hampi mtu makali mkononi. Huyalaza chini, mpokeaji akayaokota mwenyewe. Anayepokezwa chuma mkononi hupokezwa na ugomvi. Wateja walimzoea.

Wiki ile wezi wenye mapanga walimkata mlinzi mtaani. Asubuhi moja gari la polisi likasimama mbele ya baiskeli yake.

"Mzee, hii kisu yote ya nani?" askari mrefu aliuliza.

"Ya batu, ya wateja, Afande. Mimi ni wa kunoa tu."

"Batu gani? Waite."

Mushagalusa akatazama umati. Wenye visu wakatazama reli. Jana walimwita fundi. Leo hakuna aliyemjua. Wakimchukua, nani atamnywesha uji Victoire, mkewe, asiyeinuka kitandani?

Askari akapunguza ukali. "Basi nipe hiyo panga niione. Kama haina damu, endelea na kazi."

Mushagalusa akashusha pumzi. Akainama upesi, kama alivyoinama maisha yake yote, akalilaza panga vumbini mbele ya viatu vya askari.

"Unanitupia chini? Mimi mbwa yako?"

"Hapana, Afande, kwetu ni desturi..."

"Okota! Nipe mkononi!"

Akaliokota. Akampa mkononi. Askari hakutafuta tena damu.

"Panda gari. Na hiyo jiwe yako."

Ndipo Acayo, muuza matoke, jirani yake wa mlango kwa mlango, akapenya katikati ya watu.

"Afande, hiyo panga ni yangu! Mwache mzee, bibi yake mgonjwa!"

"Kumbe mwenyewe uko? Panda na wewe."

Gari likaondoka. Visu viligongana miguuni mwao.

"Ungenyamaza, mama," Mushagalusa alimwambia Acayo. "Wewe ndiye ungempelekea Victoire uji."