Kipande cha Katikati

Mwanzoni sikuelewa mambo ya kutembea bure. Kwetu Kivu, muntu akitoka kwenda mashambani, anaenda kulima, ao anaenda kutafuta kuni, ao anakimbia. Mimi nilifanya yote matatu. Kutembea ili kuangalia maua, halafu kurudi nyumbani mikono mitupu, hiyo nilijifunza huku kwa wazungu. Aliyenifundisha ni maman mmoja wa Lubumbashi, tunafanya naye kazi ya usafi hospitalini. Daktari alimwambia atembee juu ya ugonjwa wa sukari, naye hakutaka kutembea peke yake.

Basi kila printemps, baridi ikipungua, Jumamosi tunatoka Jette, mtaa tunaokaa, tunapita ndani ya msitu, tunapita chini ya barabara kubwa ya magari, na upande wa pili mji umeisha. Ngano bado fupi kama majani, farasi wamevaa mablanketi, miti ya matunda imejaa maua meupe. Matope pia hayakosi. Mimi nabeba saki mgongoni: mkate, maji, soksi, na karatasi zangu zote ndani ya plastiki.

"Eh maman, leo uko nakimbia nani?" ananichekaka. "Tunaenda kuona farasi, weye unabeba nyumba muzima!"

"Siku watakuja, weye utakimbia na nini? Na ile matako?"

Anacheka mpaka anasimama. Mimi sicheki sana. Saki siiachi.

Mwaka huu binti yangu ana mimba, ya kwanza. Anakaa Ganshoren na bwana yake. Pasaka alikuja kwangu, akawa anatafuta shuka ndani ya kabati, akavuta mfuko uliokuwa chini kabisa. Ndani yake kulikuwa blanketi yangu ya vipande.

Kazi hiyo nilijifunza Molenbeek, katika nyumba moja ya wanawake walimotufundisha Kifaransa. Unakata vikwembe vizee, vile vitenge vya kujifunga, kwa vipande vya kulingana, unaviunganisha, chini yake unatandika pamba, chini tena kitambaa cha mgongo, halafu unashona kupita vyote. Yangu ilikuwa tayari upande wa juu, isipokuwa katikati. Pale palibaki shimo, sawa dirisha. Niliiweka kabatini, miaka ikapita.

"Maman, umalizie mutoto hii blanketi," binti yangu alisema. "Mbele azaliwe. S'il te plaît. Kwa nini uliacha?"

Nilisema macho yamechoka. Macho yangu ni mazima. Kipande cha katikati nilikuwa nacho, kimekatwa tayari, ndani ya kopo la nyuzi.

Alipozaliwa binti yangu huyu, kule Kivu, jirani yetu alikuja kuniona na kikwembe kipya. Kwetu muntu akizaa, wanawake wanamletea sabuni, unga, mboga. Mwenye kukupenda kabisa anakuletea kikwembe cha kubebea mtoto. Kilikuwa chekundu, na ndege wa manjano. Yule mwanamke alikuwa anauza mafuta ya mawese sokoni, bwana yake alikuwa na mashini ya kusaga. Majina yao ninayajua. Siyaandiki hapa, kwa sababu watoto wao hawakufanya kitu. Lakini ni wao. Watu wakiniambia "ni vita, maman," ninakataa. Vita haikujua mlango wetu wa nyuma. Bwana yake ndiye alitembea mbele ya wale wenye bunduki. Mwanamke ndiye aliniita kwa jina langu, kwa ile sauti ya kuomba chumvi. Bwana yangu akaenda kufungua. Mimi niliposikia kelele nilipita mlango wa mbele, nikaingia ndani ya migomba, mtoto mgongoni, amefungwa na kikwembe cha mwanamke yule yule.

Leo shamba letu wanalima wao. Na katika vitu vyote vya kwetu, kilichofika huku ni kile kikwembe. Kipande cha katikati nilikikata pale; vingine vya blanketi ni vya Matonge, kwenye maduka ya Waafrika huku.

Maman wa Lubumbashi nilimwelezea pale kwa farasi. Alikuwa anakula mkate wa saki yangu.

"Kikwembe haikuua muntu," alisema.

"Haikuua. Lakini mikono yao iko ndani."

"Alors, choma."

"Nikichoma, nabakia na nini?"

Alitafuna, akafikiri. "Bon. Geuza. Uso weka chini, batu baone mugongo tu."

Nilirudi nyumbani nikakigeuza. Ndege walikuwa wananiangalia vilevile. Mimi niliyevaa vikwembe vya wax maisha yangu yote, nilisahau: wax ya kweli haina uso na mgongo, rangi inapita pande zote mbili. Vya bei ndogo ndivyo vina mgongo mweupe. Yule mwanamke hakuniletea cha bei ndogo. Niliketi. Hilo liliniuma kupita yote. Alikuwa amechagua vizuri.

Basi nilimwita binti yangu, akaja Dimanche, misa ilipoisha. Nikamwambia yote. Alijua baba yake aliuawa, hakujua nani alionyesha mlango.

"Anaishi?"

"Anaishi. Anauza mafuta, soko ile ile."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia. Jina lile halikuwa limesemwa ndani ya nyumba yangu hata mara moja. Alichukua kile kipande, akakiangalia, akakigeuza kama mimi.

"Nilikuwa ndani ya hii?"

"Ndani ya hii. Hata kulia hukulia."

"Na mutoto akiniuliza?"

"Utamwambia vile nimekuambia. Na jina."

Halafu akakiweka juu ya lile shimo, akakinyoosha na kiganja. "Weka, maman."

Nimekiweka. Watu wa kanisa wakiona watasema nimesamehe. Sikusamehe. Mwalimu wa Molenbeek alitufundisha kuficha uzi, na vipande vyote vya pembeni nilivishona hivyo, huoni kitu. Kile cha katikati nimekishona na uzi mweusi, mshono mkubwa mkubwa, unauona toka mlangoni.