Kifua cha Mama

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la zahanati hapa Voi. Mbele yangu walikaa mume na mke kutoka juu ya mlima wa Sagalla: bwana ni karani wa reli, tumbo limemtangulia. Dresa, msaidizi wa daktari pale zahanati, akamuuliza bwana kama anavuta sigara.

"Kidogo," akajibu. Mkewe akainua vidole viwili: pakiti mbili kwa siku.

Dresa akamgeukia mama. "Umpunguzie chumvi na mafuta. Moyo wake umechoka."

"Nitampunguzia. Na mimi, bwana dresa? Nikipanda mlima na debe la maji, hapa panabana mpaka niketi."

Dresa hakumwekea hata kile chombo cha kusikilizia kifua. "Mama, moyo ni ugonjwa wa wanaume wenye mshahara. Wewe ni umri tu."

Bwana akacheka. Nami, aibu yangu, nikajifanya nasoma kadi yangu.

Huyo mama anakula chumvi ya chungu kilekile, na anavuta moshi wa jiko pamoja na wa sigara za mumewe. Nani alimfundisha dresa kwamba kifua cha mwanamke ni cha mbao?

Nje, bwana aliwasha sigara. Mama akachuchumaa, akajitwika debe la maji aliloliacha mlangoni, akashika mkononi dawa za mgonjwa, wakaanza kupanda mlima.