Parachuti Moja kwa Abiria Wote

Sanduku langu la nguo limewahi kupotea safarini, tena zaidi ya mara moja, na usiku huo nililala usingizi mzuri. Suruali hununuliwa. Parachuti langu ni habari nyingine. Hilo husafiri nami ndani ya ndege, miguuni pangu au kwenye kabati la juu, na mhudumu akiniambia nilitoe liende tumboni mwa ndege pamoja na masanduku, upole wangu wote huniisha. Ndani ya lile begi mna vitambaa viwili vilivyokunjwa kwa adabu, kimoja cha kila siku na kimoja cha akiba, na kijimashine kinachofungua kile cha akiba chenyewe ikiwa nimezimia hewani. Sitaki mtu alirushe kama gunia la muhogo, halafu mimi nijirushe nalo.

Kazi hii ya kuruka niliipata pwani ya Kenya, nilikokwenda kutoka kwetu Rumonge, mji wa ziwani kusini mwa Bujumbura, kutafuta kazi ya hoteli. Nilianza kwa kuwakunjia wengine maparachuti, nikaishia kuruka mwenyewe, nikiwapiga picha watalii wanaolia na kucheka kwa wakati mmoja. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba naruka kutoka angani, aliuliza kama wanatupa chakula cha mchana. Nikasema ndiyo. Basi ikawa imekwisha.

Mwaka huu nilirudi kumchukua. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, hata mawese yake alikuwa akiyapima kwa kusikiliza jinsi chupa inavyojaa, na wateja wa Rumonge wanasema hajawahi kukosea. Kupasuliwa alikuwa akikataa miaka yote. Mara mvua, mara Ramadhani, mara harusi ya jirani. Safari hii daktari wa Nairobi alikuwa ametupa siku, na alikuwa ameniambia wazi kwamba jicho la kushoto likicheleweshwa tena, hatakuwa na la kufanya. Nilikuwa na tiketi mbili na hofu moja: kwamba mama atapata sababu nyingine.

Aliipata uwanja wa ndege wa Bujumbura, na ilikuwa mgongoni mwangu.

Tulikuwa tumekuja na gari la mjomba, tukiambaa ziwa kupitia Minago, mama mbele, mimi nyuma na begi langu mapajani. Mlangoni pa ukaguzi askari mmoja alilitazama begi kwenye kioo cha mashine, akaniita pembeni. Mama alikuwa ameshika kiwiko changu, akaja naye.

"Iko nini hii?" askari akauliza.

"Parachuti, shefu."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuruka."

"Kwani ndege yenyewe hairuki?"

Nikamwonyesha kadi yenye picha ya vilivyomo ndani. Akaitazama bila kuipenda, akaweka kidole kwenye mshikio wa chuma ulio begani. Nikamwomba kwa heshima asiuvute, maana akiuvuta kitambaa kitatoka chote na kumfunika yeye na meza yake, na mimi sitakuwa na muda wa kukikunja. Akaondoa kidole polepole, kama aliyegusa sufuria ya moto. Nikadhani tumemaliza.

"Iko moja tu?" akauliza.

"Moja."

"Na mama?"

Nikasema mama hana. Yule askari alinitazama kama tunavyomtazama mwanamume aliyekula brosheti za nyama njiani akafika nyumbani mikono mitupu. Lafudhi yake ilikuwa ya huko huko kwetu ziwani, na nilipaswa kujua mapema kwamba hilo litaniletea balaa. Akamgeukia mama. "Mama, mumesikia? Mutoto iko na yake. Yenu haiko."

Mama hakuwa anajua begi lile lina nini. Mkono wake ukaachia kiwiko changu.

"Batu bangapi banapanda ile ndege?" akaniuliza.

"Kama sabini."

"Na jile iko moja."

"Mama, hii si jile."

"Inaokoa mutu?"

"Inaokoa."

"Basi iko jile."

Jile ni lile koti la kuelea majini, na kwetu lina sheria zake. Babu yangu mzaa mama alikuwa na boti ya mbao yenye injini, akivusha watu na bidhaa kwenda upande wa Kongo na kurudi. Botini mlikuwa na jile moja, jekundu, limetoboka kidogo ubavuni. Halikuvaliwa. Lilikabidhiwa mtu mzima kuliko wote waliopanda, na mawimbi yakichachamaa, yeye ndiye aliyesema livaliwe na nani. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyebisha. Siku moja mfanyabiashara wa vitenge alipanda na jile lake mwenyewe, jipya, amelivaa tangu mchangani. Babu aliizima injini. Akamwambia, wewe ukishajua tutazama, mbona hukutuambia tulipokuwa kwenye nchi kavu? Akamshusha na vitenge vyake vyote. Mama alikuwa msichana mdogo siku hiyo, na mpaka leo mtu akiwa na choyo nyumbani kwetu huitwa mwenye jile.

Sasa mwenye jile alikuwa mwanawe wa kumzaa, mbele za watu.

"Mimi sipandi," alisema, akaketi juu ya sanduku lake.

Nilimweleza. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia kwamba ndege ile ikishapaa mlango wake haufunguki, kwamba inakwenda kasi mno, kwamba hata kama mambo yangeharibika parachuti langu lisingemsaidia mtu yeyote, mimi nikiwemo. Lile ni chombo cha kazi tu.

"Kama haiokoi mutu, kwa nini unaikumbatia hivyo?"

Nikaondoa mikono kwenye mikanda ya begi. Mjomba alikohoa, akatazama dari. Mama akatoa shauri: nilipeleke tumboni mwa ndege, huko asikoliona mtu, tusafiri sote sawa. Nikasema haiwezekani. Akasema basi. Nikasema basi. Tulibaki hivyo, watu wawili wa ukoo mmoja wenye vichwa vya aina moja, na foleni ya Nairobi ikizidi kuwa fupi.

Nilikasirika. Nilijiambia kwamba hii ni mvua nyingine, ni harusi nyingine ya jirani, mama anaogopa kisu cha daktari na amepata pa kujificha. Huenda ilikuwa kweli. Lakini nilipomtazama ameketi pale, uso ameuelekeza mahali nisipokuwepo kwa kuwa alikuwa hajui nimehamia upande upi, hasira ikanitoka ikaniacha na woga mtupu. Nilivua begi, nikalipeleka mezani, nikamwambia dada aliyekuwa akipokea mizigo alifunge karatasi liende tumboni. Nilimwambia mara mbili alishike polepole.

Mama ana masikio.

"Baba," akaniita, maana ndivyo anavyoniita akinionea huruma. "Unafanya nini?"

"Naipeleka chini, mama. Tupande."

Akainuka juu ya sanduku. Kisha akamuuliza yule dada wa mezani, "Mwanangu, mu hii ndege iko mutu mukubwa kuliko mimi?"

Dada akaitazama foleni. Kulikuwa na mzee mmoja wa kofia ambaye kwa haki kabisa angeweza kuwa babake mama. Dada akalimeza hilo. "Hapana, mama. Nyinyi ndio mukubwa kuliko bote."

"Basi leta hapa. Nitaichunga mimi."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyoingia ndani ya ndege kwa mara ya kwanza maishani, mkono mmoja begani kwangu, mkono mwingine umekamata mkanda wa parachuti, akisalimia kila kiti "amahoro" kana kwamba boti ni ya babake. Begi likawekwa chini ya kiti cha mbele yake, akalikanyaga kwa miguu yote miwili. Mhudumu alipoonyesha jile la kuelea na kusema liko moja chini ya kila kiti, nilimtafsiria, na akafurahi sana. Alisema hawa ni watu wanaojua ziwa. Nikadhani sasa atanirudishia begi langu.

"Hizo iko za maji," akasema. "Ya hewa iko hii moja."

Foleni nzima ilikuwa imesikia kesi yetu, kwa hiyo hata ndege haijapaa, maombi yalianza. Mkubwa ni jalala. Mfanyabiashara mmoja wa nyuma yetu alisema, "Mama, munikumbuke, niko na watoto sita." Kijana mmoja akasema yeye ni mwepesi, hatalichosha. Padri aliyeketi ng'ambo ya njia alisema yeye amekwisha kujiandaa kwa Mungu, ila akipewa hatakataa. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nyuso alikuwa hazioni, alihukumu kwa sauti. Huyu anasema uongo, hana watoto sita. Huyu ana njaa. Safu mbili nyuma kitoto kichanga kikaanza kulia, na mama akainua kidole.

"Kesi imekwisha. Iko ya huyo, na mamake amushike."

Watu wakapiga makofi. Padri akasema ni hukumu ya haki. Mimi nilijisikia vizuri mno, nikasahau hata aibu ya mlangoni, nikawa nawaza jinsi nitakavyowasimulia wenzangu wa kazini.

Tulipokuwa juu ya Ziwa Victoria ndege ikaingia mawinguni. Kwanza ilitetemeka kidogo, halafu ikaanguka ghafla, ikaanguka tena. Vikombe vikaruka. Mimi nimeanguka kutoka ndegeni mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, nami hulipwa kwa kuanguka, lakini sijawahi kuanguka nikiwa nimeketi kando ya mama yangu. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Maombi ya jile yalikuwa yamekoma yote. Kijana mwepesi alikuwa akisali kwa sauti, na kile kitoto kikalia kuliko kwanza.

Nikahisi kitu kinasukuma mguu wangu. Lilikuwa begi. Mama alikuwa akilisogeza kwangu kwa kisigino, kidogo kidogo, bila kugeuza kichwa.

"Vaa," akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, nimekuambia haifanyi kazi humu."

"Nimesikia. Vaa."

"Na yule mtoto?" nikauliza.

Alilisukuma begi tena. Ndege ikaanguka mara nyingine, na vidole vyake vikanipata begani vikanifinya kama alivyokuwa akinifinya msikitini nikicheza. Nililivuta begi, nikapitisha mkono mmoja, nikapitisha na wa pili, nikaketi pale mtu mzima na ndevu zangu, nimevaa parachuti chini ya taa ya mkanda. Mhudumu aliyekuwa amejifunga kwenye kiti chake aliniona, akatikisa kichwa. Mama akapapasa mkanda wa bega hili, akapapasa na wa bega la pili. Aliporidhika aliyafumba macho yake yasiyoona.

Mawingu yalipokwisha, akaninong'oneza nivue polepole, watu wasisikie vifungo.

Nairobi, tukisubiri kushuka, mamake kile kitoto alipita kwenye njia, akauchukua mkono wa mama kwa mikono yake miwili. "Murakoze, mama," alishukuru. "Mulitufikiria." Alikuwa akitania, na hakuwa akitania. Mama akaitikia kwa kichwa. Toka hapo mpaka hospitali hakusema neno, na mimi nilidhani ni woga wa kisu.

Alipasuliwa jicho la kushoto kesho yake. Asubuhi iliyofuata muuguzi alimfungua bandeji, akamuuliza anaona nini, na mama akaanza kutaja vitu kama mtu anayehesabu mali yake: dirisha, pazia, ndoo, muuguzi mwembamba. Mimi akanitazama muda mrefu akasema nimezeeka, tena vibaya. Nikacheka, machozi yakanitoka, sikujali.

Kisha jicho lake likaliona begi pale ukutani. Alilitazama kwa makini, akaniuliza kama ndilo lile, nikasema ndilo. Alikuwa amelidhania kubwa zaidi.

"Ile siku nilikuwa sioni," alisema. "Nimejiambia hivyo tangu juzi. Ya kwamba yule mutoto sikumuona, ndiyo sababu."

"Ndiyo, mama. Hukumwona."

"Hapana, baba. Hata ningekuwa namuona, ningekupa weye."