Dawa Iliyopata Joto

Tangu ulipokata simu jana, mwanangu, nimekuwa nikiikumbuka siku moja ambayo kwa miaka mingi nimejaribu kuisahau. Ulisema huko maabara unakosomea mnachukua virusi vya ukoo mmoja na vile vya SIDA, yaani UKIMWI, mnaviondolea uwezo wa kuzaana, kisha mnavibebesha jeni ya kimeng'enya cha binadamu, iliyotiwa alama, vikaiingize ndani ya seli. Ulisahau kichupa cha virusi hivyo mezani, kikayeyuka na kukaa kwenye joto mchana kutwa, ukakirudisha kwenye barafu. Sasa alama haionekani ndani ya seli, na profesa wako anadhani jeni ndiyo mbovu. Ukaniuliza, "Mama, ninyamaze?"

Mimi nilinyamaza. Ilikuwa Likasi, huko Kongo, miaka ile kila kitu kilipokuwa kinaanguka. Nilikuwa msichana, napima damu katika zahanati moja ndogo ya mtaa wa Kikula. Umeme wa bwawa la Koni ulikuja ulipopenda; tuliuzoea ukosefu wake kama mtu anavyozoea jino bovu. Dawa ya kupimia SIDA ilikaa siku mbili ndani ya friji iliyozimika. Nilijua. Wazee husema mficha uchi hazai, lakini nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa wamejipanga mlangoni.

Mmoja wao, Denis, fundi wa mitambo, alitumwa na kanisa lake apimwe kabla ya kumwoa Béatrice. Kila mara tulipaswa kuanza na damu tunayoijua tayari, ile tuliyoiita ya témoin, tuone kama dawa bado inasema kweli. Matone ya dawa yalikuwa machache, nikaruka hatua hiyo. Jibu likatoka: anavyo virusi. Nikamwambia. Hakulia. Aliikunja karatasi mara nne, akanishukuru. Akanishukuru, mwanangu!

Wiki tatu baadaye, dawa mpya ilipofika, mkuu wetu wa maabara, Papa Ilunga, akapitia daftari.

"Damu ya témoin uliweka?"

"Hapana, papa. Dawa ilikuwa kidogo."

"Na frigo ilikuwa ya moto?"

"Ndiyo, papa. Miye niliogopa kusema."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akajifuta uso.

"Basi weye haukupima damu. Ulipima bahati ya muntu. Twende kwake."

Tulikwenda kwa miguu. Dada yake alitupokea mlangoni: harusi ilivunjika, Denis alikwenda Kolwezi kuchimba madini. Tukamtumia ujumbe. Aliporudi, miezi ilikuwa imepita. Tulimpima mara mbili, safari hii na damu ya témoin kando. Hakuwa na kitu.

Aliikunja karatasi mara nne, kama ile ya kwanza. "Béatrice iko na bwana sasa," akasema, akatoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, kusahau kichupa ni kosa dogo. Kila mwenye mikono huangusha. Kosa kubwa ni asubuhi ya pili, unapoamka ukijua, ukanywa chai yako, ukanyamaza. Nenda kwa profesa wako leo, kabla hajaitupa jeni isiyo na hatia. Mwambie kilikaa nje muda gani. Liandike kosa kwa mkono wako mwenyewe, kisha rudia kazi kwa kichupa kizima. Atakukaripia. Karipio hupita, hata kama linauma.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akupe walimu wenye subira kama Papa Ilunga, na akujalie kuzeeka ukiwa na usingizi mzuri kuliko wangu.