Radhi za Rubani wa Jomvu

Juzi nilirudi Jomvu Kuu, na wewe unijuaye utashangaa kusikia kwamba nilifika mapema. Nilialikwa na mama mmoja, jirani yetu wa zamani. Mwanawe wa pekee alikuwa rubani wa helikopta katika jeshi la wanahewa, akaanguka nayo akiwa kazini, Mungu amrehemu. Sasa jamaa zake na wenziwe wa jeshini wameanzisha ufadhili wa masomo kwa jina lake, kwa vijana makadeti wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na siku hiyo barua za kwanza zilikuwa zikitolewa.

Nilipoingia uani, harufu ya mahamri yenye iliki ilinipokea kabla ya watu. Hapo ndipo nilipokulia. Nyumba yetu na yao ziligawana ua mmoja, kisima kimoja na, kwa kweli, mtoto mmoja, maana yule kijana alikula kwetu kuliko kwao. Mimi nilikuwa na miaka minane, yeye akimaliza sekondari. Jioni kazi yake ilikuwa kukuna nazi, na akishaketi juu ya mbuzi, basi si mbuzi tena, ni ndege. Alilala kushoto, akalala kulia, akinguruma kwa mdomo, nami abiria nimejibanza nyuma nimemshika shati. Nyanya yangu hupiga kelele kutoka jikoni: "Nazi hiyo yaenda Jedda au yaja kwenye mbaazi zangu?"

Ndege za kweli zilipita juu ya mapaa yetu zikienda kutua, sufuria zikatetema, naye alizitaja aina zake kwa mlio tu, kabla hazijaonekana. Tulimcheka sana. Kumbe mwenzetu hakuwa akicheza.

Barua ya jeshi ilipokuja, mamake aliikataa katakata. "Babake maji yalimchukua," alisema, "huyu siipi hewa." Nawe wajua kwetu mtoto hasafiri bila radhi. Hupiga magoti, mama akamsomea dua, akampulizia kichwani, kisha akazitamka radhi kwa mdomo wake. Siku ya safari mama alijifungia chumbani. Gari lilikuwa likisubiri barabarani, na kijana amesimama uani na begi lake, macho mekundu. Akaniita.

"Abee," nikaitika.

"Nenda kamwambie mamangu naomba radhi zake. Gari lataka kuondoka."

Nilisimama mlangoni nikasema kama nilivyotumwa. Nikasema tena. Nilimsikia analia, lakini neno halikutoka. Mtoto wa miaka minane ningefanyaje? Nilirudi mbio nikamwambia, "Mama amesema nenda, radhi zake unazo." Akacheka, akanibusu kichwani, akaenda zake. Usiku ule niliziacha mbaazi sahanini, nikiwaza uongo niliousema.

Baadaye alikuwa akija likizo, mama akimpikia biriani na kumfukizia udi magwanda yake, na neno lile halikutajwa tena. Yeye alijua anazo. Mama aliona haya kulifukua. Mimi nilinyamaza, nikakua na uoga wangu.

Sasa sikia sharti aliloliweka mama yule kwa ufadhili wa mwanawe. Kadeti hapokei barua yake mpaka mzazi asimame mbele za watu azitamke radhi. Sahihi kwenye fomu hakuitaka. "Kalamu haina ulimi," alisema, na wakubwa wa jeshi wakatii. Msichana mmoja wa Likoni, magwanda yamepigwa pasi vizuri, alipiga magoti mbele ya mamake. Mama mtu akababaika, akatazama juu, akatazama chini, mwishowe akatamka. Watu wakapiga vigelegele. Hapo nikaona kiti cha jirani yetu ki kitupu.

Nilipita uani kumtafuta. Kisima kimefunikwa kwa saruji, ukuta umegawa ua, nyanya yangu kaburini. Watoto wa siku hizi huagana na wazazi kwa ujumbe wa simu, nami sikuwalaumu, wangu pia ndivyo wafanyavyo. Lakini nilizililia zile siku, sikufichi.

Nilimkuta jikoni, akikanda unga ambao hakuna aliyeuhitaji.

"Mimi wangu sikumpa," alisema bila kugeuka. "Aliondoka mikono mitupu. Kila nikisali namwambia Mungu hilo."

Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikamweleza yote, mlango, kilio chake, na uongo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifukuza.

"Ulimwambiaje? Nataka maneno yenyewe."

"Nilimwambia, mama amesema nenda, radhi zake unazo."

"Naye?"

"Alicheka, mama. Wallahi alienda akicheka."

Akanishika kichwa kwa mikono yake yenye unga, machozi yakimtiririka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona akitabasamu.

"Basi hukusema uongo, mwanangu," alisema. "Ulinitangulia tu."