Blanketi Dirishani

Blanketi lile lilikuwa langu kabla ya kuwa la mdogo wangu. Lilikuwa la kahawia, lenye mistari miwili ya rangi ya maziwa, na kwenye pembe moja lilikuwa na alama ya pasi. Msichana mmoja wa bweni letu aliliunguza alipojaribu kulipasha moto katika baridi ya Julai. Nilipomaliza kidato cha nne mama alilifua, akalianika juu ya ua wa nyumba yetu Uthiru, na mdogo wangu alipopata nafasi katika shule ya bweni likaingia kwenye sanduku lake. Kwetu vitu havitupwi. Hushuka tu, kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo.

Naanza na blanketi kwa sababu mdogo wangu alilala chini yake likizo nzima ya Agosti, alipokuwa kidato cha tatu, akimwambia mama kwamba ni tumbo tu, ni amiba. Mama alitoka kila asubuhi kwenda kazini katika nyumba moja Loresho, na baba alikuwa mjengo, akibeba mawe. Mimi ndiye niliyebaki, nikiandika riwaya ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeihesabu kuwa kazi. Mchana mmoja aliniita. Alizungumza akiwa ameelekea ukutani, mgongo wake kwangu.

Alikuwa na mimba. Sasa hakuwa nayo.

"Ilitoka yenyewe, siz," alisema. "Lakini mimi ndiye niliomba itoke. Kila nikipiga magoti. Nikiombea mtihani, naombea na hiyo. Na ikatoka."

Nilimpeleka kliniki katikati ya jiji, ghorofani, mahali ambapo mtu wa Uthiru hangetuona. Muuguzi alimpima, akasema mimba nyingine hutoka tu, si kosa la mtu, ale vizuri na apumzike. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza dawa ya kikohozi inywewe vipi. Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Tulipofika chini barabarani aliniuliza, "Yeye anajua nilichoomba?"

"Hajui."

"Basi," alisema, na hatukulizungumzia tena.

Wakati huo nilikuwa tayari kwenye kikundi. Tulikutana katika kanisa moja upande wa Spring Valley, na wikendi tulizunguka shule za upili kuzungumza juu ya uhai wa mtoto aliye tumboni. Niliamini, na bado naamini, kwamba aliye tumboni si kitu cha kutupwa. Kwa kuwa nilijulikana kama mwandishi, nilipewa kazi ya kuandika maneno ya kusomwa huku picha zikionyeshwa ukutani. Niliyapenda maneno yale. Niliyasoma peke yangu chumbani, nikayapunguza, nikayapanga yapande taratibu, kwa sababu nilijua yanaelekea wapi.

Picha za kwanza zilipendeza: mtoto ndani ya tumbo akinyonya kidole, mtoto akijinyoosha. Kisha ilikuja ile moja. Sitaieleza yote. Ulikuwa mkono, wenye vidole na kucha zake zote, umelala kwenye trei ya chuma bila mwili. Ukimulikwa ukutani, mkono ule ulikuwa mkubwa kuliko mlango.

Kila shule wasichana walipiga mayowe. Wapo waliotapika, na wapo waliobebwa nje. Kiongozi wetu, ambaye tulimwita Pasta ingawa siku za kazi aliuza bima, hakuwa mkatili. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye kicheko cha kujaza chumba, na akiona msichana anatetemeka alitetemeka naye. Lakini aliamini picha ile kama daktari anavyoamini sindano. Ikishaonekana, taa hazikuwashwa. Aliita: mwenye mzigo aje mbele. Na aliyekuja mbele alipewa kipaza sauti aseme mwenyewe.

Ndivyo mikutano ya shule zetu ilivyo. Nimesikia wasichana wakikiri wizi wa sukari, wivu, mvulana wa shule jirani. Walimu huketi nyuma na kusikiliza. Kinachosemwa kwenye kipaza sauti Jumamosi, Jumatatu kiko kwa mwalimu mkuu, na kabla ya wikendi nyingine kiko mezani nyumbani kwenu.

Mwaka uliofuata, Ijumaa moja, tulikuwa Luthuli Avenue kuchukua projekta ya kukodi. Simu ya Pasta ililia. Shule tuliyokuwa twende ilikuwa imeahirisha kwa sababu ya mitihani.

"Mlango mmoja ukifungwa Mungu ana mwingine," alituambia huku akiweka simu mfukoni, na akataja shule ya mdogo wangu.

Nilikuwa nimeikumbatia projekta. Nilihisi uzito wake kama mtu aliyeniongezea mzigo bila kuniuliza. Mdogo wangu alikuwa kidato cha nne sasa. Na namjua. Katika ibada hasubiri wito wa pili. Tangu utotoni, mama akiuliza nani amevunja kikombe, yeye husimama, hata kama si yeye.

Ndani ya gari la kanisa, foleni ilipotusimamisha Westlands, nilijaribu.

"Pasta, kesho tungeacha ile picha."

"Ipi?"

"Unaijua."

"Hiyo ndiyo tunaenda kuonyesha. Zingine ni za kupamba."

"Kuna watoto wa kidato cha kwanza mle."

"Na hao hawapati mimba?" Aligeuka kiti kikalia. "Madam, wewe unajua mimi nilinusurika kwenye benchi."

Msichana wa chuo kikuu aliyeendesha kompyuta yetu aliguna kutoka nyuma. "Hiyo benchi imefika tena."

"Itafika mpaka ukome," Pasta alimjibu bila kukasirika. "Mama yangu alikuwa ameketi nje kwa daktari wa kutoa mimba, mimi tumboni, zamu yake imekaribia. Mama mwingine wa kanisa akapita, akamwonyesha picha kwenye karatasi. Si nzuri. Mbaya kabisa. Mama yangu akainuka, akaenda akanunua ndizi. Hiyo karatasi ndiyo imenilea. Sasa unataka niitoe?"

Sababu niliyokuwa nayo haikuwa yangu kuitoa. Tena niliogopa wema wake. Ningemwambia, angemtafuta mdogo wangu kwa macho ukumbi mzima, kwa upendo, mpaka ampate.

Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu. Nilimpigia matroni jioni ile, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mama alikuwa jikoni akiimba. Aliniuliza kama nitabeba mkate na siagi ya karanga nimpelekee mtoto, kwa kuwa naenda huko huko. Nikasema ndiyo.

Mkutano ulifanyika kwenye bwalo, ambako bado kulinuka kabichi ya jana. Madirisha yake ni makubwa, yana nondo, hayana pazia. Jua liliingia lote na kuangaza ukuta wa mbele, ambapo ratiba ya chakula imechorwa kwa rangi ya mafuta. Pasta alijaribu projekta. Ilitoa rangi hafifu tu, kama chai iliyoongezwa maji.

Kwa muda kidogo nilifurahi. Kisha Pasta alipiga makofi na kusema lile alilolisema kila shule: "Warembo, kila bweni lilete mablanketi."

Walicheka, wakakimbia, wakarudi wamejifunika kama mabibi wa sokoni. Walipanda juu ya meza na kuyafunga mablanketi kwenye nondo kwa tai zao za shule. Dirisha moja likafa, likafuata jingine. Bwalo likajaa harufu ya sabuni, mafuta ya nywele na kitanda kisichokauka vizuri. Kisha nikaona mistari miwili ya rangi ya maziwa, na alama ya pasi, na mdogo wangu juu ya meza akikaza tai.

Aliponiona aliruka chini. "Siz, mbona hukusema unakuja?"

"Nilipiga simu."

Rafiki yake alinitazama juu mpaka chini. "Huyu ndiye wa vitabu? Nilidhani ni mrefu."

"Urefu uko kwa vitabu," mdogo wangu alimjibu, na nusura nicheke.

Nilimvuta pembeni. "Keti nyuma. Karibu na mlango."

"Siwezi, mimi ni kiranja wa bwalo. Nakaa mbele."

"Basi kuna picha itakuja. Nikisema 'mkono', funga macho. Usifungue mpaka nikwambie."

Uso wake ulibadilika polepole. "Picha ya nini?"

Mwalimu wa zamu alikuwa akipita na fimbo yake, akawapungia wakae. Mdogo wangu alienda kwenye benchi la mbele akigeuka kunitazama. Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimemkinga na chochote. Nilikuwa nimempa tu muda mrefu zaidi wa kuogopa.

Taa zilizimwa. Nilisimama kando ya ukuta nikiwa na kipaza sauti, bega langu likigusa blanketi la kahawia, na nikasoma. Sauti yangu ilitoka kwenye spika kama ya mtu asiye na wasiwasi wowote. Mtoto akanyonya kidole. Wasichana wakaguna kwa huruma. Mtoto akajinyoosha. Nilipunguza mwendo. Nilitafuta namna ya kuruka, lakini nilikuwa nimeyashona maneno yale vizuri mno, kila sentensi ilishika nyingine. Msichana wa kompyuta alingoja neno lake, 'mkono', ili abadilishe picha. Nikanyamaza. Pasta akakohoa. Nikanyamaza bado, na yule msichana, akidhani nimesahau, akabonyeza.

Bwalo lilipiga yowe kwa pamoja. Katika mwanga wa picha nilimwona mdogo wangu. Hakuwa amefunga macho. Alikuwa ametulia, akiutazama mkono ule kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha. Kisha akasimama. Wito ulikuwa haujatolewa, lakini alisimama na kuanza kuja mbele.

Pasta alimwona. Sauti yake ililainika. "Njoo, binti. Usiogope. Hakuna wa kukuhukumu hapa." Akaninyooshea mkono. "Madam, mpe kipaza sauti."

Nyuma kabisa niliona miwani ya mwalimu wa zamu iking'aa.

Nilishika ncha ya tai na kuvuta. Fundo la shule halina nguvu. Tulilifunga hivyo hivyo na sisi, ili kengele ikilia asubuhi tulifungue upesi. Blanketi lilinishukia mabegani na jua likaingia lote kwa mara moja. Ukutani, ule mkono ulipauka ukawa waa tu, na nyuma yake ikatokea ratiba: Jumamosi, wali na ndengu. Wasichana walijikinga macho. Niliweka kipaza sauti mezani, kikapiga mluzi, nikamfunika mdogo wangu blanketi na kumtoa nje kwa mlango wa jikoni.

Tuliketi juu ya kuni nyuma ya jiko.

"Ulikuwa unaenda kusema," nilimwambia.

"Nilikuwa naenda kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Kama na mimi nimo. Kama kuomba ni kufanya."

"Kwa kipaza sauti?"

"Nani mwingine wa kuuliza? Wewe siku ile ya kliniki ulisema 'hajui', basi." Hakusema kwa hasira. "Miezi hii yote hukusema kitu kingine."

Kabla sijajibu Pasta alitokea mlangoni, jasho likimtiririka. Alikuwa amekuja kunigombeza, nilimwona amelishika neno mdomoni. Kisha akamwona mdogo wangu ndani ya blanketi, akatutazama sisi wawili, na nadhani aliona tunavyofanana.

Mdogo wangu hakusubiri. Ndivyo alivyo. "Pasta, mtu akiomba mimba itoke, na itoke yenyewe, ni yeye ameua?"

Nilifumba macho. Nilisikia kuni zikilia Pasta alipoketi.

"Hakufanya kitu kingine?" aliuliza. "Aliomba tu?"

"Aliomba tu. Sana."

"Mama yangu aliomba hivyo miezi mitatu kabla ya lile benchi," Pasta alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia mbele ya watu. "Aliniambia mwenyewe. Alipiga magoti hata yakachubuka. Na ona nilivyo mnene." Alijipiga kifua. "Kama maombi ni kisu, mimi singekuwa hapa. Hapana, binti. Si yeye."

Mdogo wangu alianza kulia, si kwa sauti. Nilimshika. Pasta aliinuka, akajifuta uso kwa leso, akaniangalia kwa muda kidogo zaidi ya kawaida. Nilidhani atasema jambo kuhusu picha. Nilijiandaa kulisikia.

"Mkae tu," alisema. "Mimi nirudi, wamebaki peke yao."

Tulimsikia akiingia. Tulimsikia akipiga makofi, kicheko kidogo, halafu, "Warembo, bweni gani lina blanketi lingine?" Vishindo vya miguu vikakimbia kwenda bwenini na kurudi. Meza ikaburutwa. Kisha sauti ya msichana wa kompyuta, ambayo si nzuri kwa kusoma, ikaanza upya tangu mwanzo.

Mdogo wangu aliinua kichwa. "Hayo maneno ni wewe umeandika?"

"Ni mimi."

Alisikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande, kama anavyofanya akisikiliza wimbo. "Ni mazuri," alisema.

Nilimtolea mkate wa mama kwenye begi. Aliumega, akanipa kipande, nikakishika tu. Ndani walikuwa wamefika kwa mtoto anayenyonya kidole. Nilikuwa nikiwaza mabenchi yale moja baada ya jingine, uso baada ya uso, na kujiuliza nani mwingine alikuwa ameketi pale, mikono magotini, akijiandaa kusimama.