Kioo Chekundu cha Liévin

“Bila mimi, treni za hapa zingejua kusimama wapi?” Liévin aliwauliza watu mlangoni mwa kanisa, Jumapili moja ya mwaka 1937, kifua mbele kama ndiye aliyeoa reli. Walicheka. Lakini hakudanganya: vioo vyekundu vya taa za reli alivipika yeye, katika karakana ya mzungu mmoja pembeni mwa Élisabethville, mji wa shaba wa Kongo.

Kazi yenyewe ilikuwa na maringo kumshinda. Unatia shaba kidogo katika kioo kinachochemka. Kikipoa kinatoka kiangavu kama maji, hata ungeapa kwamba shaba imeibwa. Ukikirudisha motoni polepole, shaba inajikusanya humo ndani kuwa vipunje visivyoonekana kwa jicho. Vipunje hivyo humeza rangi nyingine na kuuachia wekundu upite. Ukichelewa kukitoa, vinanenepa, kioo kinageuka rangi ya maini na mwanga haupiti tena.

Kwa hiyo kazi yote ni macho. Na macho ya Liévin, kwa miaka ya kuchungulia tanuru, yalikuwa yameingia ukungu. Delphine, mkewe, ndiye pekee aliyejua. Asiye na kazi hana nyumba katika kambi ya wafanyakazi. Hilo walilijua wote wawili.

Babu zake, Wasanga, waliyeyusha shaba, na kwao fundi peke yake ndiye aliyeutazama moto. Mwingine akitaja rangi, tanuru limelaaniwa. Liévin aliileta sheria hiyo karakanani.

“Kwa moto yangu, muntu asiseme rangi,” alimwambia Mumba, mvuta mivukuto kutoka Kilwa ya Ziwa Mweru, mtu mwenye adabu hadi inakera.

Siku ya agizo kubwa, Mumba aliona wekundu ukija, ukakolea vizuri, kisha ukaanza kuwa na giza. Akakohoa. Akakohoa tena. Liévin akamwambia aende akanywe dawa.

Mzungu aliinua kioo cha kwanza dirishani. Jua la saa sita halikupita. Cha pili, vilevile. Akaviacha vingine na kuondoka.

“Mumba, uliona?”

“Niliona, papa.”

“Na ukanyamaza?”

“Si ulikataza, papa.”

Liévin hakumpiga. Aliketi chini akikipapasa kioo, kama anayetafuta rangi kwa vidole.

Kabla mwezi haujaisha, nyumba ilipewa mwingine, na Delphine akatoka kambini na sufuria kichwani, akimwongoza mumewe kwa mkono. Tanuru la wekundu likazimwa. Vioo vikawa vinatoka Ulaya. Kimoja, faranga kumi na nane.